Dagaa wa Kigoma wa chanja: bei juu kidogo, lakini chukua hao

Mwaloni Kibirizi kuna dagaa wakavu wa namna mbili: wa mchangani na wa chanja. Wa chanja ni ghali kidogo. Kama unamnunulia mtoto anayesoma, toa hiyo hela.

Kinacholipiwa hapo ni mafuta. Ukiondoa maji, zaidi ya nusu ya ubongo ni mafuta, na omega-3 iitwayo DHA imejaa kwenye utando wa seli zake. Mwili huitengeneza kidogo mno, hivyo inabidi iliwe. Dagaa wanayo, ila jua na hewa huiharibu upesi. Kwenye chanja upepo unapita juu na chini, dagaa wanakauka haraka. Wa mchangani, licha ya kuwa na kokoto, upande wa chini unabaki na unyevu na mafuta yanaanza kuharibika kabla hata hawajafungwa.

Kabla ya kulipa, vunja mmoja. Mzuri anakatika kwa mlio na ngozi yake bado inang'aa kama fedha. Akijikunja tu, ana maji, ataota ukungu mfukoni. Tumbo likiwa na njano ya kutu na ladha ikakwaruza koo, achana naye, ndimu haitamsaidia. Wakati wa mbalamwezi uwe mkali zaidi, maana taa za wavuvi hazivuti samaki, mzigo mpya unaadimika na wa zamani ndio unaotembea sokoni.

Vichwa usikate. Dagaa mzima ana chuma, kalsiamu na vitamini B12, ambayo kwenye mchicha na mahindi haipo. Mtoto aliyepungukiwa chuma huchoka na hatulii darasani, kisha anaitwa mvivu.

Kwa mtu mmoja, konzi moja, kama gramu 30, inatosha. Osha mara mbili kwa maji ya uvuguvugu, chapuchapu. Ukiwaloweka usiku kucha, vitamini B unazimwaga na maji. Wakaange bila mafuta dakika mbili, weka kitunguu, nyanya na vijiko viwili vya mawese, chemsha dakika kumi. Kuwakaanga hadi wawe weusi (wanakuwa watamu, kweli) ni kuichoma DHA uliyoilipia. Chai ya rangi isubiri saa moja, kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Na mlima wa ugali wa sembe wenye dagaa watano pembeni utamlaza mtoto juu ya daftari. Punguza ugali, ongeza kitoweo.

Usitegemee maajabu wiki ya mtihani. Hiki ni chakula cha miezi na miaka.

Kasoro kubwa ni mifuko: nailoni nyeupe, tena inaning'inizwa juani siku nzima. Omba waliohifadhiwa ndani. Ukifika nao nyumbani, wahamishie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, mbali na jiko, na wamalize ndani ya miezi miwili.