Vijiti saba ndani ya sifuri: uzoefu wangu na "Montessori" moja hapa Nakuru

Nianze na kisanduku cha vijiti, maana ndicho kilichonipandisha hasira na mpaka sasa haijashuka.

Kisanduku chenyewe ni kifaa cha kuhesabia cha Montessori, ule mtindo wa chekechea ambao mtoto hujifunza kwa vifaa anavyovishika mwenyewe. Kina vyumba 10 vilivyoandikwa 0 mpaka 9. Vijiti vyake ni 45. Si 44, si 46. Mtoto anasoma namba, anahesabu vijiti kimoja kimoja akivikusanya kiganjani, anasikia fungu linavyonenepa, ndipo anavitia chumbani. Chumba cha 1 kijiti kimoja, cha 2 viwili, hivyo hivyo mpaka 9, na vikiisha vimeisha. Chumba cha 0 hakitiwi kitu. Hapo mtoto wa miaka minne anaielewa sifuri bila hotuba ya mtu: ni chumba kina jina, ndani hamna kitu.

Siku ya wazazi shuleni kwa mtoto wangu, muhula uliopita, nikainama kwenye rafu nikakuta vyumba vyote vina vijiti. Vyote, na sifuri pia. Sifuri ilikuwa na saba. Nikahesabu jumla: 52. Mwalimu wa darasa akanieleza kwa upole kabisa kwamba seti ilikuja na vya ziada, na kile chumba kikikaa kitupu "hakipendezi wageni wakija."

Mwalimu sikumlaumu. Nikaenda ofisini. Mkurugenzi hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mzazi, hapa si hospitali. Hakuna mtoto atakufa kwa vijiti saba." Nilipojaribu kufafanua, akamalizia: "Wenzako wanalipa na hawaulizi."

Haya. Aliyekataa kuelezwa yeye, wacha niwaeleze nyinyi mnaolipa.

Vifaa vya Montessori vimetengenezwa ili kosa lijionyeshe lenyewe. Mtoto akiweka vitatu kwenye chumba cha 4, akifika 9 anabaki na kimoja mkononi. Akizidisha mahali, 9 inapungukiwa. Hakuna mtu mzima anayemwambia "umekosa". Anakaa, anakuna kichwa, anarudi nyuma kutafuta alipoteleza. Kule kurudi nyuma ndiko masomo yenyewe yaliko. Sasa mpe vijiti 52: hata akihesabu sawasawa atabaki na saba mkononi kila siku. Kifaa kinamwambia amekosa na hajakosa. Mwishowe anaacha kukiamini, anamwangalia mwalimu usoni kama wale wa darasa lolote lingine. Vya ziada kazi yake ni kukaa kwenye kabati la mwalimu vingojee kimoja kipotee. Basi. Ni jambo la dakika mbili.

Na ukishaliona hilo moja, macho hayalali tena.

Mnara wa pinki, kwa mfano. Ni michemraba 10, mdogo una sentimita 1 kila upande, mkubwa 10. Wao wameuweka juu ya kabati la vioo, umejengwa tayari, juu kuliko kichwa cha mwalimu, na vumbi juu yake. Eti kile cha sentimita 1 kitapotea. Ni kweli hicho ndicho hupotea cha kwanza, ila dawa yake ni kuhesabu vifaa kabla watoto hawajatoka, si kuvifungia. Faida ya mnara haiko kwenye kuutazama. Mtoto anakunjua mkeka, anabeba mchemraba mmoja mmoja kutoka rafuni, safari 10, mkubwa kwa mikono miwili, mdogo kwa vidole vitatu. Uzito unamfundisha mkono kile ambacho jicho bado linakisia. Rafu ikimpita mtoto kimo, hiyo ni samani ya wageni.

Tena niliupima, kwa sababu nilikuwa nimeshaudhika. Umechongwa na fundi wa hapa hapa, na sina neno na fundi wa hapa, mbao zetu za saiprasi zinafaa. Lakini alipewa vipimo vya kabla ya msasa. Ukipiga msasa ndiyo unakula milimita, tena kila mchemraba kivyake, na mbao ikiwa bado mbichi itasinyaa juu ya hiyo hasara. Ule wa 6 na ule wa 7 vimekaribiana hadi mtoto anaweza kuvibadilisha asijue. Mkiagiza, mwambieni fundi vipimo ni vya baada ya msasa, na mbao iwe imekauka vizuri. Kisha mjaribu hivi: jengeni mnara pembeni, pande mbili ziwe sawa kama ukuta, halafu kile kidogo kikae kwenye kila kingazi kinachobaki upande wa pili. Kisipoenea sawasawa kila ngazi, mrudishieni kazi yake kabla hamjamaliza kulipa.

Herufi za msasa nazo. Zinatakiwa zikatwe kwenye msasa laini, ule wa kumalizia mbao. Hizi zimekatwa kwenye msasa wa kung'oa rangi. Mtoto anapitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, kufuata njia ya mwandiko, na anatakiwa aone raha, arudie mara nyingi. Wengine huosha kwanza vidole kwa maji ya vuguvugu ili ngozi isikie vizuri. Kwa msasa ule, akipitisha mara mbili anavuta mkono. Halafu anafundishwa aseme "bii, ei, bii, ei" aambiwe hiyo ni baba. Kiswahili kimetupa zawadi ambayo Kiingereza hakina, kila herufi na sauti yake, mtoto akijua sauti anaandika neno hata kabla hajajua kusoma, nasi tunaipeleka zawadi hiyo kwa bii na ei! Ushauri wa haraka kwa mwenye sanduku la herufi za kuhamisha, zile mtoto anazipanga kuunda neno, lililotoka ng'ambo: irabu hazitatosha. Neno barabara peke yake linameza a nne. Kateni nyingine za kadibodi, a nyingi kuliko zote, na ch, sh, ny na ng' mzikate kila moja kama kipande kimoja.

Muda sitauongelea sana. Kazi ya asubuhi inataka kama saa tatu zisizokatizwa. Wao wana kengele kila nusu saa. PP1 huku, PP2 kule, yaani miaka miwili ya chekechea kila mmoja na darasa lake, ilhali darasa la Montessori huchanganya wa miaka mitatu hadi sita ili mdogo ajifunze kwa kumtazama mkubwa. Hilo la PP1 na PP2 nawasamehe, mtaala wa nchi ndio ulivyo na karatasi lazima zijazwe. La kengele siwasamehi.

Kilichonichoma zaidi ni neno alilolirusha mkurugenzi nikiwa mlangoni: kwamba hii ni "elimu ya hadhi," mzazi asiyeridhika ziko shule za kawaida. Hadhi! Maria Montessori alikuwa daktari, na nyumba yake ya kwanza ya watoto aliifungua tarehe 6 Januari 1907 mtaani San Lorenzo, Roma, kwenye majumba ya maskini, kwa watoto ambao wazazi wao walikuwa vibaruani mchana kutwa. Watu wa hadhi walikuja baadaye kuchungulia. Na jina lenyewe katika nchi nyingi halilindwi na sheria, kwa hiyo mwenye rangi na ukuta anaweza kujiandikia. Usilipie ukuta. Omba ukae nusu saa darasani kwenye kona, kimya, uone kama watoto wanachagua kazi wenyewe na kuirudisha rafuni wenyewe.

Mimi niliomba. Na hapa ndipo hukumu yangu inapoharibika.

Kuna mwalimu msaidizi pale, binti mpole, naona analipwa kidogo kuliko wote. Alikuwa chini sakafuni na mtoto mmoja na vibao viwili. Akapitisha vidole: "Hiki kinakwaruza." Kingine: "Hiki ni laini." Akanyamaza. Kisha, "Nipe kinachokwaruza. Kiweke hapa. Nipe kilicho laini." Akamrudisharudisha hivyo kwa michezo, weka huku, ficha kule. Mwisho kabisa ndipo akauliza, "Hiki kikoje?" Mtoto akakosea. Yule binti hakusema amekosea, hakukunja uso; akatabasamu, akarudi hatua ya pili kana kwamba ndivyo alivyopanga. Hatua tatu, maneno machache, bila haraka. Nimeona wenye vyeti ukutani wakishindwa hicho.

Meza ya kumimina pia ni kazi yake, nikaja kujua. Vijagi viwili vya udongo vinavyoenea mkono wa mtoto, si vile vya plastiki vinavyopinduka vikiguswa. Ndengu kwanza, nusu jagi, maana zikimwagika zinaokoteka. Maji baadaye, na sponji ndani ya sinia hiyo hiyo. Sponji ndiyo siri. Maji yakimwagika hakuna anayefokewa, mtoto anachukua sponji anafuta, anaikamua, anaendelea. Na silinda za vishikio, vile vipande vya mbao vya duara ambavyo kila kimoja kina tundu lake, amewafundisha wazishike kwa vidole vitatu, mshiko ule ule wa penseli, kwa hiyo mtoto anafika kwenye kuandika mkono ukiwa tayari umezoea. Wangu sasa akimwaga chai nyumbani haangalii mtu. Anaenda kuchukua kitambaa.

Basi nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba sipendekezi, nyota moja, tena ya huruma. Nikafuta. Shule siipendekezi. Darasa la yule binti nalipendekeza. Akihamishwa, msitafute maoni yangu mapya, jueni tu nimemtoa mtoto. Karo ya muhula huu nimelipa, na ofisini pale nililipa bila salamu, Mungu anisamehe.

Nikitoka nikapitia darasani. Sifuri ilikuwa tupu. Vile saba viko kwenye kopo la kakao juu ya dirisha, na nikiuliza nani kavitoa, mwalimu msaidizi akajifanya anapanga mikeka. Chumba cha 9 kilikuwa na vijiti 8. Nikahesabu vyote, 44, kumbe kimoja kimeshapotea. Sikurudi ofisini. Nikanyoosha mkono kwenye kopo, nikatoa kimoja, nikampa yule binti.