Seti ya mtumba ya kusafishia picha ndani ya stoo yangu, Mtwara: uzoefu wa miezi minane

Nilikuwa na mikanda 7 ya kamera, imeshapigwa picha, imelala kwenye droo tangu mwaka juzi. Studio ninazozijua hapa mjini siku hizi zinachapa kutoka kwenye simu na fleshi tu. Ukimpa kijana wa kaunta mkanda anaugeuzageuza mkononi, halafu anakuuliza ni wa nini. Kuituma Dar niliogopa, maana mkanda ambao haujasafishwa ukipotea njiani hakuna nakala. Basi mwezi Februari nikanunua seti nzima ya mtumba: mashine ya kukuzia picha aina ya Durst M305, tangi la Paterson la kusafishia mkanda, trei 3, koleo 2 na kipimajoto. Shilingi 480,000, gharama ya mzigo kwenye basi mbali.

Naanza na lililoniuma. Mashine yenyewe ilifika salama, nzima, nguzo haijapinda. Lakini lenzi nilipoielekeza kwenye mwanga wa dirisha nikaona ndani ya kioo nyuzi nyembamba zimetambaa kama mizizi ya nyasi. Nikampigia aliyeniuzia. "Dada, hilo ni vumbi tu, lifute kwa kitambaa." Vumbi halioti matawi. Ule ni ukungu, na ukishaingia katikati ya vioo huufikii kwa kitambaa. Hela hakurudisha, na simu zangu akaacha kupokea. Picha alizonitumia kabla sijalipa zilionyesha lenzi kwa mbele tu. Kwa hiyo ukinunua kwa mtu wa mbali, mwambie aipige lenzi picha ikiwa imetazama taa, ili mwanga umulike ndani. Akikwepa, acha.

Nilikaa miezi miwili bila lenzi ya maana, mpaka nikaelekezwa kwa mzee mmoja Lindi aliyefunga studio yake zamani. Alikuwa na lenzi ya milimita 50, ndiyo saizi inayofaa mkanda wa kawaida wa milimita 35, na ilikuwa safi kama imetoka boksini. Kwa bahati nzuri lenzi nyingi za mashine hizi zina uzi wa milimita 39, hivyo ya kampuni hii inaingia kwenye mashine ya kampuni ile. Nilimuuliza imekwepaje ukungu miaka yote hiyo, na sisi tunaishi pwani. Akafungua kopo la bati lenye mfuniko wa kubana. Humo ndani mlikuwa na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nami sasa sitoi kiatu boksini bila kukipekua.

Sasa chumba. Stoo yangu ina mita 1.2 kwa mita 2, iko uani, ukuta wa tofali, paa la bati bila dari. Kilichonishinda mwanzoni ni trei: ukizipanga 3 kwa mstari hakuna pa kusimama. Seremala akanitengenezea kichanja cha ngazi 3, trei ya dawa ya kwanza, ile inayotokeza picha, juu, ya siki inayoisimamisha dawa hiyo katikati, ya fiksa, dawa inayofanya picha isiharibiwe tena na mwanga, chini kabisa, ili fiksa ikimwagika isiangukie dawa nyingine. Mashine inakaa upande wa pili juu ya meza kavu. Upande wa maji na upande wa karatasi visichanganyike hata siku moja. Tone moja la fiksa kwenye kidole linaharibu karatasi uliyoigusa.

Kuziba mwanga nilidhani ni kazi ya saa moja. Nikapigilia nailoni nyeusi mlangoni, nikafunga, nikakaa juu ya ndoo mchana kweupe kusubiri macho yazoee giza. Dakika ya kwanza sikuona kitu. Baada ya dakika 10 paa lote lilikuwa na nyota: kila msumari uliolegea kwenye bati ulikuwa unavujisha mwanga. Halafu nikageuza macho ukutani, nikaona doa la rangi lililofifia. Nikasogea. Ulikuwa mpapai wa uani kwangu, umesimama kichwa chini, majani yakielekea sakafuni, na mama jirani anaanika khanga, naye kichwa chini, anatembea kama anayening'inia kwenye mbingu. Mlango ulikuwa na tundu dogo la fundo la mbao lililodondoka, na nailoni ilikuwa imechanika mahali hapo hapo. Stoo nzima ilikuwa imegeuka kamera. Niliangalia mpaka khanga zote zikaisha kwenye beseni ndipo nikaziba kwa tepu nyeusi ya umeme. Misumari niliiziba kwa kiraka cha lami, mmoja mmoja.

Hata hivyo nafanya kazi usiku, saa 4 kwenda mbele. Kwanza, taa ya boda inayopita barabarani ndiyo adui pekee aliyebaki. Pili, mapema usiku umeme kwangu huwa unapungua nguvu, na umeme ukishuka taa ya mashine inafifia, picha uliyoipima kwa sekunde 12 inatoka nyeupe. Stabilaiza ya friji imenisaidia sana hapo.

Lakini kama ungeniuliza ni kitu gani hasa kinachoamua picha zako zitatoka au hazitatoka huku kwetu, nisingekutajia mwanga. Ningekutajia joto la maji.

Maelekezo ya dawa hizi yameandikwa kwa nyuzi 20. Mwezi Machi, saa 10 jioni, maji ya tangi langu la juu yalisoma nyuzi 31. Mimi kwa haraka yangu nikayatumia. Mkanda wa kwanza ulikuwa wa kivuko cha Msangamkuu: abiria wanashuka na ndoo za samaki, pikipiki zinasukumwa kwenye mchanga. Dawa ikapika mkanda upesi mno, mbingu ikatoka na mawimbi ya madoa, na ile ngozi laini yenye picha ikalegea mpaka ukucha wangu uliacha mchirizi kutoka picha ya 9 hadi ya 14. Ile siku haitarudi. Nililia, sina aibu kusema.

Baada ya hapo nikajaribu kulazimisha nyuzi 20 kwa barafu. Dawa ilikubali kushuka, ila maji ya kuoshea yalibaki 29, na kuutoa mkanda kwenye ubaridi na kuutumbukiza kwenye joto ghafla namna hiyo ni kuutesa upya. Tena dawa yenyewe ilipanda digrii 3 ndani ya tangi kabla sijamaliza, kwa joto la chumba na la viganja vyangu.

Nilichofikia, na ndicho ninachokifanya mpaka leo, ni kuiacha namba 20 na kuchagua 24. Kila kitu kiwe 24: dawa ya kwanza, siki, fiksa, maji ya kuoshea. Maji nayalaza kwenye mtungi wa udongo koridoni tangu jana yake. Asubuhi yanakuwa 26 au pungufu. Jioni chupa zote nazisimamisha ndani ya beseni la maji hayo, natia mifuko 2 ya barafu zile za kuuzwa mtaani, ikiwa imefungwa vilevile, nje ya chupa. Barafu isiingie kwenye dawa, itaizimua. Ndani ya robo saa kipimajoto kinakaa 24, na tangi linabaki ndani ya beseni muda wote. Muda unafupishwa: mkanda wa Ilford HP5 Plus kwenye D-76, ndiyo dawa yangu ya kwanza, isiyozimuliwa unataka dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20, mimi kwa 24 naupa dakika 5 na nusu. Usishuke chini ya dakika 5, dawa haitapata nafasi ya kuenea sawasawa. Mwezi Julai, kusi likivuma, mtungi peke yake ulinitosha, barafu sikununua.

D-76 yenyewe ni unga, na unga wake unayeyushwa kwenye maji ya moto, nyuzi 50 hivi, kisha unasubiri upoe. Uchanganye siku moja kabla. Vaa glovu, maana mna kemikali inayowasha ngozi za baadhi ya watu, na mikono yangu ilijua hilo wiki ya pili.

Tangi la Paterson nalisifu kwa moyo wote. Mkanda mmoja unakula mililita 290 tu za dawa. Na kuosha, ambako niliogopa kuwa kutamaliza maji ya ndani, nafuata njia ya Ilford: jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20, mwaga. Hata lita moja haifiki. Kwa nyumba inayoteka maji kwa ndoo, hilo ni jambo kubwa.

Karatasi natumia Ilford Multigrade ile yenye plastiki, saizi ya 13 kwa 18. Haitaki maji mengi, dakika 2 za kuosha zinatosha, na inavumilia joto kuliko mkanda. Filta, kile kipande cha rangi unachokipitishia mwanga wa mashine, unabadilisha tu, ya manjano kwa picha laini, ya zambarau-waridi (majenta) kwa picha kali, karatasi ni ile ile.

Taa nyekundu, ya kuonea wakati wa kuchapa bila kuharibu karatasi, nilinunua mbili dukani kwa fundi umeme. Moja ilikuwa balbu nyeupe iliyovikwa plastiki nyekundu, na karatasi zangu 11 za kwanza zilitoka na kivuli cha kijivu nikawa nalaumu dawa. Fanya hivi: weka sarafu ya shilingi 200 juu ya kipande cha karatasi chini ya taa yako, subiri dakika 5, kisafishe. Ukiona duara la sarafu, taa hiyo irudishe. Ya pili, ambayo chembe zake zenyewe zinatoa mwanga mwekundu, haikuacha alama.

Fiksa iliyochoka simwagi uani, kisima cha jirani hakiko mbali. Ina madini ya fedha ndani, yale yaliyotoka kwenye mkanda na karatasi. Naitia kwenye dumu lenye nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Baada ya siku kadhaa chuma kinalika na fedha inabaki chini kama tope jeusi.

Kwa ujumla: mashine, ndiyo, ningeinunua tena. Tangi, bila kufikiri. Muuzaji, hapana. Nimeshasafisha mikanda 6, wa 7 nimeuhifadhi kwa sababu ni wa harusi ya mdogo wangu Mikindani na sikutaka kujifunzia juu yake. Sasa ni Oktoba, korosho zimeanza kuanguka na joto linarudi. Nimeshaongea na mama wa barafu: mifuko 4, Jumamosi hii, saa 12 jioni.