Wiki nne wodi ya njia ya mkojo, Tabora: njooni, ila mjue mnafuata nini

Nimemaliza Ijumaa. Wadogo zangu wa mwaka wa nne wananipigia kila siku kuuliza kama waombe kuja huku au wabaki hospitali ya chuo, kwa hiyo nawajibu wote hapa. Njooni.

Ila upasuaji hamtauona vizuri. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja nyuma ya daktari bingwa mmoja, na tezi dume ya kwanza niliiona ikiwa tayari kwenye bakuli. Huku wanafungua tumbo la chini. Upasuaji wa kupitisha kifaa kwenye njia ya mkojo haupo. Anayeutaka huo atafute kwingine.

Kilichonijenga ni mpira wa mkojo. Aliyetufundisha ni sista wa wodi, na alitushikilia kwenye sanamu siku mbili kabla hatujamgusa mgonjwa. Alitukaririsha rangi: kijani ni namba 14, chungwa 16, nyekundu 18, na namba ukiigawa kwa tatu unapata unene wa mpira kwa milimita. Mwanamume usimjazie puto, lile la kwenye ncha ya mpira linaloushikilia ndani ya kibofu, eti kwa sababu umeona mkojo. Njia yake ina urefu wa kama sentimita 20, na puto linaweza kuwa bado limo ndani ya njia. Ukijaza hapo unamchana. Sukuma kwanza mpaka kwenye panda ya mpira, pale unapogawanyika mara mbili upande wa nje, kisha ndiyo ujaze, tena maji safi ya sindano, si ya chumvi.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee kutoka Sikonge, hajakojoa tangu jana yake jioni. Chini ya kitovu palikuwa pamevimba, ukipagusa tu anashika chuma cha kitanda. Nilipomwamkia akasema, "Marahaba, mjukuu wangu, fanya haraka." Nikaweka jeli ya ganzi na kutaka kupitisha mpira papo hapo. Sista akavua saa yake akanipa: "Dakika tano, dokta." Zilikuwa ndefu kwangu, sijui kwake. Lakini mpira uliingia bila kukwama, na mzee alilala kabla sijamaliza kufunga mfuko. Nilikuwa nageuka niondoke, sista akafunua shuka tena. Govi nilikuwa nimeliacha nyuma. Lisiporudishwa huvimba na kubana kichwa cha uume. Sijasahau tena.

Jambo jingine ambalo darasani hatukuambiwa ni yale maswali saba ya dalili za tezi dume, yanayojumlishwa hadi 35. Mzee mmoja alikuja na mke wa mwanawe awe mkalimani wake wa Kinyamwezi. Tukapata alama 4. Sista akamtuma yule dada akachukue uji, akamwita mhudumu wa kiume mwenye umri wa kutosha, tukauliza upya: 23. Mkwe atasemaje mbele ya mkwe kwamba anaamka mara tano usiku na bado anajilowesha?

Kwenye faragha ninawalaumu wasimamizi waziwazi. Asubuhi moja wanafunzi sita tulipangwa kumpima mzee mmoja tezi dume kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Aligeukia ukutani akanyamaza. Wa tatu alipomaliza nilikataa kuendelea, nikamwambia msimamizi. Siku zake yeye alipunguza hadi wawili, na akawa anamwomba mgonjwa mwenyewe. Siku za wengine mambo yalibaki vilevile. Mkipangiwa hivyo, kataeni. Yule ni baba wa mtu.

Njooni na saa ya mkono, maana ya ukutani imesimama. Na mkifika, kabla ya kwenda kwenye chumba cha madaktari, piteni kwanza kwa sista mkamsalimie. Huwa anaingia saa moja asubuhi.