Shule ya "vitendo" huku Uyole: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja na nusu

Binti yangu nilimhamisha kwa hasira. Sikufanya utafiti wowote. Shule aliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa na watoto zaidi ya mia darasa moja, na mwalimu alikuwa anajitahidi kadiri ya uwezo wake. Mtoto alimaliza darasa la pili anaimba jedwali la saba kama kwaya, lakini ukimtuma dukani na noti ya elfu tano anarudi na chenji yoyote atakayopewa. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na stendi ya Uyole, hapa Mbeya. Siku moja nilimwambia anipimie kitenge mita mbili na nusu, akaniuliza, "Nusu ya nini, mama?" Wiki hiyo hiyo nikaanza kuulizia shule nyingine.

Niliyoipata ni ya binafsi, ya kutwa, jina lake nitaliacha kwa sababu hapa nina ya kusifu na ya kulalamikia. Ada ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka, unalipa kwa awamu nne, basi la shule ni pesa nyingine. Getini kuna bango kubwa: wanafundisha kwa vitendo. Siku hizi bango la aina hiyo liko kila mahali, hasa tangu mtaala mpya ulipoanza kutumika 2024, unaotaka mtoto aweze kufanya kitu badala ya kukariri. Sikuliamini. Mimi "vitendo" vya shule ya msingi nilivyovijua ni kufyeka, kuleta kuni za mwalimu na kuchota maji. Baba mkwe wangu, mzee wa Isongole aliyesoma kipindi kile baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alicheka nilipomsimulia. "Sisi tulilima sana, mwanangu," alisema. "Aliyejitegemea ni mwalimu mkuu."

Basi nikampeleka huku nimejiandaa kumtoa.

Kilichonifanya nisimtoe ni daftari. Kila Jumatano mchana darasa la tatu lilikuwa linashuka bustanini, watoto sita sita, kila kundi na matuta yake mawili ya viazi mviringo. Jembe ni lile lile alilolishika babu yake. Ila kila kundi lilikuwa na daftari la kuandika tarehe ya kupanda, mbegu ngapi zimeingia ardhini, ngapi zimeota, mvua imenyesha siku gani, jani la kwanza lenye doa limeonekana lini. Madamu alikuwa anayakusanya na kuyasahihisha kama somo la hisabati. Kundi la binti yangu lilivuna sado mbili, vile vindoo vya kupimia sokoni. Jirani zao walivuna sado saba. Mtoto alirudi nyumbani analia, nami nikawa tayari nimeshavaa viatu vya kwenda kumgombeza mtu, mpaka aliponieleza kwamba hawakuambiwa "poleni" wala hawakugawiwa viazi vya wenzao. Waliambiwa wafungue madaftari mawili wayalinganishe wenyewe.

Wakakuta mambo mawili. Matuta yao yalikuwa upande wa chini, maji yakituama siku mbili nzima baada ya mvua, na ukungu ukaanzia hapo. La pili, wiki waliyotakiwa kupandishia udongo waliandika "tumepandishia" wakati walikuwa wanacheza rede. Viazi vilivyotokeza juu vikapigwa na jua vikawa kijani, na vya hivyo havifai kuliwa. Binti yangu aliniambia hilo la rede kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayetubu. Msimu uliofuata waliinua matuta, wakachimba mfereji kwa chini. Sado tano. Sijawahi kumwona na furaha ile kwa namba yoyote iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu.

Kuna mengine mengi madogo. Wana duka la darasa, la penseli na vifutio, kila wiki kundi moja linashika zamu na Ijumaa wanafunga hesabu mbele ya wenzao. Ikipungua shilingi mia inatafutwa. Wana zamu ya kupima unga wa uji pamoja na mpishi, hawapiki, wanapima tu na kuandika. Wana kitalu cha miche ya parachichi ambacho kwa kweli sijaona kikifika popote, mbuzi wa jirani wanakijua kuliko walimu.

Halafu kuna habari ya vifungo. Walifundishwa kushona vifungo, akaniletea shati la mazoezi kwa majivuno. Nikaangalia: kifungo kimekandamizwa kwenye kitambaa, hakina shingo. Kifungo cha namna hiyo ukikipitisha kwenye tundu kitambaa kinajikunja, na baada ya kufua mara tatu uzi unakatika. Nikaenda shuleni nikasema. Nilitegemea wanune. Mwalimu wa taaluma akaniuliza kama Ijumaa ninayo nafasi. Nikaenda na sindano arobaini na njiti za kiberiti. Unaweka njiti juu ya kifungo, unashona ukipitia juu yake, unaitoa, kisha unazungusha uzi chini ya kifungo mara tatu nne, shingo hiyo hapo. Watoto thelathini na nane, kimya, ndimi nje. Walinilipa soda. Mpaka leo wakipita kibandani kwangu wananiita "Madamu wa vifungo".

Safari yao ya mwaka ilikuwa Mbozi, kwenye kimondo cha Ndolezi. Wengi wetu tumekua tukikisikia tu, jiwe la chuma kutoka angani, linalokadiriwa kuwa na tani 16, limelala pale mlimani Marengi. Mchango ulikuwa shilingi elfu ishirini na tano kwa mtoto, na nililalamika sana. Lakini walimu walikuwa wamewaambia kila kundi litafute sumaku ya spika mbovu. Mafundi redio wa Uyole wiki ile walisumbuliwa kweli. Walipofika wakaibandika sumaku kwenye jiwe la kawaida la pembeni, ikaanguka. Wakaibandika kwenye kimondo, ikanasa. Binti yangu anaisimulia "ikanasa" hiyo mpaka leo, na mkono wake unaigiza hewani jinsi sumaku ilivyonasa. Alijua mwenyewe kwamba ni chuma kabla ya mwongoza wageni kufungua mdomo.

Sasa ya kulalamikia.

Ujumbe wa kikundi cha wazazi unaingia saa tatu usiku: kesho mtoto aje na mayai matatu, chupa ya plastiki, pamba na manila ya kijani. Manila ya kijani saa tatu usiku Uyole unaipata kwa nani? Nimewahi kukata kitambaa cha kijani cha mteja nikampa, na mteja nikamdanganya kuwa kimepungua kiwandani. Ukijumlisha vitu hivi vidogo vidogo, muhula mmoja unafika elfu thelathini, na ofisini wakati wa kuandikisha hakuna anayekwambia. Waandike kwenye fomu ya ada, mtu ajipange.

Sare nazo. Mwezi wa sita hapa kwetu baridi ni ya kukunja vidole, sweta lililofuliwa Jumatano halikauki mpaka Ijumaa, na wao Jumatano ndiyo siku ya tope. Niliwaomba watoto waende bustanini na nguo za nyumbani, nikajibiwa kwamba sare inaonekana vizuri kwenye picha. Picha! Kuna siku nilikuta picha ya mwanangu ameshika jembe kwenye tangazo lao la kuandikisha wanafunzi, na hakuna aliyeniuliza.

Kubwa zaidi, mwaka jana alijikata kidole na kisu cha kukatia mbegu. Jeraha lilikuwa dogo, muuguzi alilifunga vizuri, hilo silikatai. Ila nililijua saa kumi na moja jioni basi liliposhuka. Kidole kilikatwa saa nane. Nilipouliza nikaambiwa hawakutaka kunitia wasiwasi. Niwe na wasiwasi, ni mtoto wangu. Tangu siku hiyo wanapiga simu, lakini ilibidi nipandishe sauti kwanza.

Darasa la kompyuta walilonionyesha siku ya kwanza lina mashine ishirini. Zinazowaka ni nane. Sitaongeza neno.

Na kuna mitihani, maana najua ndiko mnakoelekea. Muhula wa kwanza alishika nafasi ya ishirini na tatu kati ya thelathini na nane. Nyumbani palikuwa msiba, baba yake akataka tumrudishe. Muhula uliofuata alikuwa wa kumi na moja, na hapo ndipo alipo, kidogo juu kidogo chini. Insha zake zimebadilika kwa sababu ana cha kuandika. Hisabati za maneno anaziweza, za kukariri bado zinamchanganya. Ila mjue kwamba shule yenyewe haijiamini. Darasa la nne la mwaka jana, ilipofika Agosti na upimaji wa kitaifa unakaribia, walitolewa bustanini na kupewa mitihani ya majaribio asubuhi na jioni. Matuta yao yakaota magugu, sote tukaona. Mwaka huu zamu ni ya darasa la binti yangu na nimeshaambiwa niandae hela ya karatasi. Kama vitendo vinamfundisha mtoto kweli, kwa nini vinawekwa kabatini mtihani ukikaribia? Nimeuliza kwenye kikao. Mkuu wa shule alisema ni swali zuri, akaita swali linalofuata.

Likizo ya Juni hii tulikwenda Isongole. Babu alikuwa anauza viazi, na gari la dalali limeegeshwa barabarani. Viroba vimefungwa kwa lumbesa, yaani gunia limejaa, halafu juu limeongezwa kichwa cha kamba na majani kikavimba kama mgongo wa ng'ombe. Binti yangu alikuwa ameomba shuleni mizani ya kuning'iniza kwa ajili ya kazi ya likizo, kupima mavuno ya nyumbani. Mizani inaishia kilo 50. Akaamua kupima gunia moja kwa ndoo. Akaifunga mizani kwenye tawi la mti, akapima ndoo tupu kwanza: kilo moja. Kisha ndoo baada ya ndoo, anaandika, babu amekaa kwenye kigoda anaangalia. Ndoo kumi, ya mwisho haikujaa. Jumla 131. Akatoa kumi za ndoo zenyewe. Kilo 121. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100.

"Babu, hizi kilo ishirini na moja unampa bure."

Mzee alinyamaza kidogo. "Mjukuu wangu, hilo nalijua tangu baba yako hajazaliwa. Nikikataa lumbesa gari linaondoka, viazi vinaoza." Mtoto hakuwa na jibu, na mimi pia sikuwa nalo. Nilifikiri yameishia hapo. Kesho yake asubuhi nikamkuta mzee ameichukua mizani na daftari, anampimia dalali ndoo kwa ndoo kwenye tawi lile lile. Kichwa cha lumbesa hakikutoka. Dalali alicheka, akalalamika, akaongeza elfu tano kwa kila gunia. "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, babu akamwambia mjukuu wake, na mizani akaiweka chumbani kwake.

Awamu ya tatu ya ada nimeshalipa. Mizani bado iko Isongole, na shule wameshaniulizia mara mbili.