Mawazo yamekauka? Vitabu vitano vya ubunifu, kuanzia ninachokiamini zaidi

Mimi naandika matangazo ya redio. Sekunde 30 za sabuni, sekunde 30 za unga, wiki ijayo sabuni tena. Kuna siku unateremsha ndoo kisimani, inapanda na mchanga mtupu. Katika siku kama hizo nimenunua vitabu vingi vya kuamsha ubunifu, vingine hata mke wangu simwambii bei yake.

Hivi vitano nimevipanga kwa kipimo kimoja tu: nilipokifunga, nilirudi mezani kufanya kazi, au nilikwenda kutafuta kitabu kingine? Vinne ni vya Kiingereza.

1. The Creative Habit, Twyla Tharp (2003)

Tharp ni mama wa Kimarekani anayetunga dansi za jukwaani. Kila siku huamka saa 11:30 alfajiri, huvaa nguo za mazoezi, hutoka nje ya nyumba yake New York na kusimamisha teksi impeleke jimu. Anasema kinachomwokoa ni ile teksi, wala si mazoezi yenyewe. Akishamwambia dereva aendako, habari ya kurudi kitandani imekwisha. Mimi teksi yangu ni birika. Nikilibandika jikoni nazima data ya simu, na chai ikichemka niwe nimeshakaa.

Lakini kilichonifaa hasa ni boksi. Kila kazi mpya anaianza kwa boksi la karatasi ngumu lenye jina la kazi hiyo, na chochote kinachoihusu kinatupwa humo: vipande vya magazeti, kanda, vijikaratasi. Hata Movin' Out, onyesho lake la Broadway la 2002 lenye nyimbo za Billy Joel, lilikuwa na boksi lake. La kwangu ni la viatu, nimeliandika UNGA kwa makapeni. Ndani mna risiti ya duka la Mangi, kona ya mfuko wa sembe, na maneno niliyoyadaka kwa mama ntilie akimgombeza muuza mkaa. Mteja aliporudi baada ya miezi minne akitaka tangazo jipya, nilikuwa na pa kuanzia.

Kina mazoezi mwishoni mwa sura, kwa hiyo nunua cha karatasi.

2. Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, K. Amri Abedi (1954)

Najua, hiki si kitabu cha "kuamsha ubunifu". Ni sheria za vina na mizani, zilizoandikwa na mshairi ambaye baadaye alikuja kuwa Meya wa Dar es Salaam. Ila jaribu hivi. Nilikwama kwenye sabuni, nikajilazimisha kuisema kwa mizani nane kwa nane:

*Fua shuka fua kanga, povu lake halikomi*

Mshororo wa pili nao lazima kipande cha kwanza kiishie na -nga. Unga? Tanga? Nikazunguka nusu saa hadi nikaangukia "kichanga", na tangazo zima likageuka: mama anafua nguo za mtoto wa wiki mbili, usiku, kwa sauti ya chini. Nisingelifika hapo kwa hiari yangu. Kina ndicho kilichonisukuma.

Wapenzi wa mashairi huru, wale wa Kichomi cha Kezilahabi, msinirushie mawe. Hata anayetaka kuvunja ukuta anafaidika kujua umejengwaje. Usitegemee kukikuta kila duka. Ulizia kwa wauzaji wa vitabu vya zamani.

3. Keep Going, Austin Kleon (2019)

Kidogo, cha mraba, kimejaa michoro ya mkono, na Kiingereza chake chepesi. Unakimaliza kwenye foleni ya Mbagala. Kleon ndiye yule anayechukua gazeti na kulifuta kwa wino mweusi hadi yabaki maneno machache ya shairi. Ushauri wake ninaoukumbuka: ukikwama, panga meza. Na acha kuhangaikia kuitwa mwandishi, andika. Kwenye simu michoro inabanwa mno, hakina raha.

4. The Artist's Way, Julia Cameron (1992)

Ni programu ya wiki 12. Kila asubuhi unaandika kurasa tatu kwa mkono, chochote kinachokuja, na kila wiki unajitoa matembezi peke yako. Kurasa zile zinafanya kazi kweli, nakiri. Nimekishusha kwa sababu kinadai muda, na mwenye watoto wa shule asubuhi yake si yake.

Nakala yangu ni ya mtumba. Mwenyewe wa kwanza alijibu maswali kwa penseli mpaka wiki ya tatu, kisha kurasa nyeupe hadi mwisho. Wiki ya nne ndiyo ile mwandishi anakuamuru usisome kitu chochote kwa siku saba.

5. The Creative Act, Rick Rubin (2023)

Zaidi ya kurasa 400, jalada zuri, sura fupifupi. Ukitarajia visa vya studio kutoka kwa mwanzilishi mwenza wa Def Jam, ile lebo ya hip-hop ya Marekani, humo hamna. Ni tafakuri tupu. Kizuri kusikiliza, maana kwenye toleo la sauti anasoma mwenyewe. Mimi nilikifunga nikiwa mtulivu sana, nikalala.

Tahadhari kwa wanunuzi wa barabarani. Nakala yangu ya kwanza ya Tharp ilikuwa ya kudurufu, gundi imekauka, na baada ya ukurasa wa 96 ukaja wa 113. Siku hizi nakikunjua kitabu mpaka mgongo ulie, halafu nafuatisha namba za kurasa hapohapo mbele ya muuzaji. Ananuna, lakini ananisubiri.