Boti za abiria za Ziwa Como: panda ile ya polepole

Huduma ya boti za abiria katika Ziwa Como, kaskazini mwa Italia, ni ya serikali na inaitwa Navigazione Laghi. Kwa mtu anayetaka kuzunguka vijiji vya kando ya ziwa bila haraka, tunaipa alama za juu kwa sharti moja: apande boti ya polepole. Akipanda ya kasi atakuwa amenunua usafiri tu, na likizo yenyewe itampita dirishani.

Kwanza umbo la ziwa, maana ratiba nzima inategemea hilo. Como ni kama herufi Y iliyopinduliwa. Shina linakwenda kaskazini hadi Colico, miguu miwili inashuka hadi miji ya Como na Lecco, na Bellagio imekaa pale pale miguu inapoachana. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 146 hivi, na kina kinapita mita 400. Milima imeteremka hadi majini, kwa hiyo barabara ni nyembamba, maegesho ya magari ni ya kugombea, na kijiji unachokiona ng'ambo, kilomita chache tu, kwa gari kinaweza kukutaka uzunguke mguu mzima wa ziwa. Kwa boti ni robo saa.

Vyombo ni vya aina tatu, na majina yake utayakuta kwenye vibao vya magati. Battello ni boti ya kawaida ya polepole, yenye sitaha ya wazi juu, inayosimama kijiji baada ya kijiji. Servizio rapido ni ya kasi: umefungiwa ndani, vioo vimelowa matone, na unalipa nyongeza juu ya nauli. Traghetto ni pantoni inayobeba magari na watu, nayo inazunguka katikati ya ziwa tu, baina ya Menaggio, Bellagio, Varenna na Cadenabbia. Kutoka Como hadi Bellagio, battello huchukua kama saa mbili na ya kasi haifiki saa moja. Saa hiyo unayookoa ndiyo iliyokuwa na Torno, Nesso, Argegno na mabustani yanayoshuka hadi ukingoni. Usiiokoe.

Jambo linaloharibu safari za wengi ni mahali pa kulala. Mtu hufikia mji wa Como kwa sababu ziwa limeitwa hivyo, kisha kila asubuhi anatumia saa mbili kufika kwenye vijiji alivyovifuata. Lala katikati ya ziwa: Varenna ukija kwa treni, Menaggio ukitaka mahali pana zaidi na patulivu jioni. Treni kutoka Milano Centrale hadi kituo cha Varenna-Esino huchukua saa moja na dakika chache, na kutoka kituoni hadi gatini ni mteremko wa dakika kumi kwa miguu. Tiketi ya treni ya karatasi igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Begi la magurudumu makubwa litakutesa, kwa kuwa vichochoro vya Varenna na Bellagio ni ngazi za mawe, na hakuna njia ya kuzikwepa.

Sasa ratiba. Imechapwa kwa saa 24, kwa hiyo 16:00 ni saa kumi jioni. Waliozoea saa zetu wahesabu mara mbili. Soma safu kutoka juu kwenda chini: kila safu ni boti moja, na mahali penye mstari au pasipo na namba boti hiyo haisimami. Jedwali la kwenda na la kurudi ni mawili tofauti. Kisha tazama alama za siku. Feriale ni siku za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi, na festivo ni Jumapili na sikukuu. Anayejua kwamba ferie kwa Kiitaliano ni likizo huangukia hapo hapo: anasoma safu ya feriale siku ya Jumapili na kungoja boti isiyokuja. Ratiba hubadilika kwa majira, hivyo picha uliyoihifadhi simuni mwezi Juni usiitumie Oktoba. Katikati ya ziwa boti hupishana mchana kutwa. Kuelekea kaskazini, Gravedona na Domaso, ni chache, na mguu wa Lecco ndio wenye chache kuliko zote. Kabla ya kushuka kijiji chochote kidogo, andika saa ya boti ya mwisho ya kurudi, maana huduma hukoma mapema jioni kuliko mgeni anavyodhani.

Tiketi hukatwa kwa kipande, au kwa siku nzima kwa eneo ulilochagua. Hii ya siku inaitwa libera circolazione. Ukikusudia kushuka vijiji vitatu au zaidi, uliza ya siku ya katikati ya ziwa kwanza, halafu linganisha na jumla ya vipande. Haikupi haki ya boti ya kasi bila kulipa nyongeza.

Kupanda kwenyewe kuna utaratibu wake. Boti ikikaribia, baharia anarusha kitanzi cha kamba kwenye nguzo ya chuma, kamba inakaza na kulia, boti inajivuta ubavu hadi gatini, naye anasukuma ubao wa kupitia huku injini bado inanguruma. Wanaoshuka hutangulia. Yote hayo huisha kwa dakika moja au mbili, na nahodha hamngoji aliye juu sitahani akikusanya mikoba. Kwa hiyo kituo kimoja kabla ya chako, teremka usimame karibu na mlango. Matangazo husikika vibaya kwenye upepo. Soma jina la kijiji kwenye kibao cha gati.

Vijiji vya kushukia? Bellagio ni pazuri, lakini adhuhuri panafurika. Fika kwa boti ya kwanza, au usifike kabisa. Nesso ndicho kijiji tunachokipenda kuliko vyote, na ndicho kinachoonyesha kwa nini mtu apite majini. Mito miwili inakutana juu ya kijiji, inaporomoka ndani ya korongo jembamba na kumwagikia ziwani, na mbele ya korongo pana daraja la kale la mawe, la tao, karibu na uso wa maji. Aliye kwenye gari hupita juu yake bila kujua kitu. Aliye kwenye battello huona nyumba zilizobanana kandokando, maji meupe nyuma, na daraja katikati yake. Boti zinazosimama hapo ni chache, basi panga siku yako kuanzia Nesso, si kumalizia Nesso.

Upande wa magharibi kuna njia ya miguu iitwayo Greenway, kilomita 10 hivi, kutoka Colonno hadi Griante kupitia Sala Comacina, Lenno na Tremezzo. Uzuri wake ni kwamba kila kijiji kikubwa njiani kina gati, hivyo mtu akichoka Lenno anapanda boti hapo hapo. Kutoka Lenno pia unaweza kutembea kama kilomita moja hadi Villa del Balbianello, jumba la kale lenye bustani, lakini hufungwa baadhi ya siku za wiki na wakati wa baridi. Hakikisha siku kabla hujashuka.

Varenna nayo haimaliziki kwa saa moja. Kutoka gatini kuna njia ya miguu ya chuma iliyoning'inia juu ya maji, na dakika ishirini hivi kusini kwa miguu upo Fiumelatte, mto wenye urefu wa mita 250 tu, mweupe kwa povu. Hutiririka kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, kisha hukauka. Anayekuja Desemba atakuta mawe matupu.

Kasoro kubwa ya huduma hii ni foleni. Kwenye battello nafasi haiwekwi mapema, na tiketi haikuhakikishii boti ipi utapanda. Julai, Agosti na Jumapili zote za jua, gati la Varenna na la Bellagio hujaa kuanzia saa nne asubuhi, na tena jioni watu wa treni za Milano wanaporudi. Boti ikijaa, inaondoka. Dawa ni kwenda kinyume na msafara: asubuhi mapema vuka magharibi, mchana kaa kijiji kidogo, na jioni usitegemee boti inayokuleta gatini dakika tano kabla ya treni. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi ya kuchagua. Wakati wa baridi boti hupungua na hoteli nyingi hufunga.

Boti ndogo za kukodi ni chaguo la pili. Italia inaruhusu mtu mwenye miaka 18 kuendesha boti ya injini isiyozidi kama nguvu farasi 40 bila leseni, na vijiji vingi vina wakodishaji. Uliza kabla ya kulipa kama mafuta yamo ndani ya bei, dhamana ni kiasi gani, na umbali gani wa kukaa na ufuko. Kodi asubuhi. Ziwa hili lina pepo mbili zenye majina: Tivano hushuka kutoka kaskazini alfajiri na kutulia, na Breva hupanda kutoka kusini kuanzia adhuhuri, hapo mawimbi mafupi huanza kupiga kiboti kidogo na abiria wote kulowa. Battello kubwa hailihisi hilo.

Mwisho, upande wa kukaa. Asubuhi jua huangaza ukingo wa magharibi, Tremezzo na Menaggio, na alasiri hugeuka kuangaza mashariki, Varenna na Bellano. Ukitoka Como asubuhi kuelekea kaskazini, kaa kushoto sitahani. Ukirudi alasiri, kaa kushoto vilevile, kwa kuwa mashariki sasa iko upande huo, na chukua koti jepesi hata Julai, maana milima ya magharibi hulifunika jua mapema na ubaridi hupanda kutoka majini mara moja.