Kidude cha waifai cha shilingi 35,000: miezi minne nacho, na bawaba iliyonichezea shere

Nilikinunua Darajani, sokoni mjini Unguja, kwenye kiduka chembamba cha chaja na makava ya simu. Muuzaji alianzia 45,000, tukavutana mpaka 35,000. Ni kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye tundu la USB, kina antena fupi ya kukunja, na boksi lake limeandikwa AC600. Kwa anayetaka nyota tu, nakipa nne kati ya tano. Kinafanya kazi iliyoandikwa juu ya boksi. Shida ni kwamba sikuwa nakihitaji, na hilo nimelijua mwezi wa tatu.

Laptopu yangu ina miaka sita, ya Windows 10. Ilianza kukatakata waifai siku chache kabla ya Ramadhani. Haikuwa kukosa mtandao moja kwa moja. Inashika vizuri, mistari imejaa, halafu ghafla pale chini kinatokea kile kidunia cha kukwambia hakuna kitu. Dakika mbili, inarudi. Mchana nikiwa mezani ilikuwa na adabu zake. Usiku ndiyo ilikuwa balaa, na usiku ndipo ninapofanya kazi zangu za kutafsiri, maana mchana niko skuli.

Mshtakiwa wangu wa kwanza alikuwa nyumba. Tunakaa Mkunazini, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene kiasi kwamba mtoto anakaa dirishani na miguu yote ikabaki ndani. Rauta iko ukumbini chini, mimi nalala juu. Mshtakiwa wa pili alikuwa kampuni ya intaneti. Niliwapigia, tena kwa ukali, nikawaambia mbona simu yangu hapa hapa kitandani inakwenda vizuri? Mtoto wa kaka yangu alikuwa amekaa pembeni, akanyoosha shingo akatazama.

"Ami, simu yako inatumia bando."

Kweli. Waifai ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Tukazima data, tukawasha waifai, tukaiacha simu juu ya mto ikicheza video saa nzima. Haikukata hata mara moja. Basi ukuta umesalimika, rauta imesalimika, na kampuni nikaiomba msamaha kimoyomoyo. Ugonjwa uko kwenye laptopu.

Hapo nikafanya yale ambayo kila mtu hufanya. Nikaifuta draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya waifai, na kuiweka upya. Nikaingia Device Manager, pale Windows inapoorodhesha vifaa vyake, kwenye kadi ya waifai, nikaondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kubana umeme. Hiyo inasaidia wengi, kwangu haikufua dafu. Nikaihamisha rauta kutoka chaneli ya 6 kwenda ya 11, kwa kuwa majirani wote nao wako kwenye 6. Hola. Mwisho nikafungua ule ukurasa mweusi wa amri kwa ruhusa ya msimamizi, nikaandika netsh wlan show wlanreport. Inakutengenezea ripoti ya siku tatu, kila ilipounga na kila ilipokata, na saa zake. Mikato yangu karibu yote ilikuwa baada ya saa 3 usiku. Nikajiambia: saa hizo mtaa mzima unaangalia mpira, hewa imejaa. Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu nami nikausoma kombo. Kesho yake nikaenda Darajani.

Sasa kidude chenyewe. Draiva imekuja kwenye sidii ndogo, na laptopu yangu haina pa kuitia sidii. Unatakiwa uwe na intaneti ili upate intaneti. Nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikashiriki data yake, Windows ikajipakulia yenyewe. Kwa hiyo usikitupe kile kiwaya cha simu.

Hiyo 600 ya kwenye boksi isikutie tamaa. Ni megabiti 433 kwa sekunde za mawimbi ya gigahezi 5, zikajumlishwa na 150 za mawimbi ya gigahezi 2.4, kisha zikakuzwa kidogo zifike 600, na huzipati zote kwa pamoja. Mimi kifurushi cha nyumbani ni megabiti 10, basi hata hiyo 150 ni bahari ya kuogea kuku. Chini ukumbini nilitumia gigahezi 5, safi kabisa. Juu chumbani gigahezi 5 haikuonekana, kwa sababu haiwezi kuta nene, ikabaki 2.4. Na hapo kikanitia wasiwasi: kila nikichomeka diski ya nje kwenye tundu la jirani, mtandao unalegea mpaka unakata. Kumbe vifaa vya USB 3.0, matundu yale ambayo mara nyingi yana ulimi wa buluu, vikifanya kazi hutoa kelele inayoangukia humo humo kwenye gigahezi 2.4. Intel wenyewe waliandika habari hiyo mwaka 2012. Dawa yake ilikuwa waya wa kurefushia wa mita moja, nikakiweka kidude mbali na diski. Kikatulia.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya chandarua. Kitu kinachotokeza ubavuni mwa laptopu, na mtu analala ndani ya chandarua, hakuna usiku kisinaswe. Pia hupata joto, ingawa si la kutisha.

Mwezi wa tatu nikaipeleka laptopu kwa fundi mmoja Mlandege kwa jambo jengine kabisa, kibodi. Nikamsimulia na habari ya waifai, kwa kupitisha muda tu. Akanitazama.

"Maalim, hebu ifungue kama unavyoifungua nyumbani."

Nikachukua bisibisi mezani kwake. Alicheka mpaka akaweka chini kikombe chake cha kahawa. "Kifuniko, maalim! Kifuniko!"

Nikakifungua. Akaniuliza mezani nakiwekaje, nikakisimamisha wima. Na kitandani? Nikakilaza nyuma, maana miguu inapanda na shingo inashuka. Akakichomoa kidude, akaunga waifai ya dukani, akakilaza kifuniko taratibu. Ikakata. Akakiinua, ikarudi. Tena. Tena. Mimi na ripoti yangu ya siku tatu tumekaa kimya.

Antena za laptopu ziko juu, pembeni mwa kioo. Waya zake mbili nyembamba kama nyuzi, moja nyeusi na moja nyeupe kwangu, zinateremka kupitia kwenye bawaba mpaka kwenye kadi ya waifai. Siku chache kabla ya Ramadhani nilikuwa nimekazisha bawaba mahali pengine, na aliyekaza aliibana waya nyeusi chini ya chuma. Ngozi imechubuka, ndani umebaki unywele. Mchana kifuniko kiko wima, waya unagusana. Usiku kimelala, unaachana. Mpira haukuhusika.

Fundi alitoa waya kwenye laptopu mbovu aliyonayo, akaupitisha njia yake, akanidai 15,000, nusu saa. Tangu hapo ni wiki tano, na juzi nimeirudia ile ripoti: hakuna mkato hata mmoja isipokuwa umeme ulipokatika.

Kidude nimempelekea dada yangu Wete, Pemba, ana kompyuta ya mezani isiyokuwa na waifai tokea kuzaliwa kwake. Amenipigia kusema kinashika vizuri, ila anataka na ule waya wa mita moja, na anauliza kwa nini sikuutia humo humo kwenye boksi.